Malaria Moja ya Mama Deo

Siku mliyoniaga pale zahanati, wadogo zangu, mlinipa kitenge, saa ya ukutani na hotuba. Kitenge nimeshakishona. Saa nimeitundika sebuleni hapa Rau, nayo inanikumbusha kutwa nzima kwamba sina pa kuwahi. Hotuba ndiyo imenishinda. Mlisema kwa miaka thelathini na minne Mama Neema wa maabara ameokoa maisha ya maelfu ya wananchi kwa darubini yake. Nilipiga makofi pamoja nanyi, maana ni nadra mtu kusifiwa akiwa bado anaweza kula wali wa sherehe yenyewe. Lakini nilipofika nyumbani roho iliniuma. Katika maelfu hao yupo mama mmoja ambaye kalamu yangu ilimponza, na kwa kuwa hotuba ilimsahau, nitamwandika mimi.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vyangu vingi vilifika nikiwa nimeshasahau kwamba niliviomba, na kuhusu mshahara ninyi wenyewe ni mashahidi.

Nilianzia kwenye zahanati ya mashamba ya miwa, kule chini ya mji wa Moshi ambako jua halina huruma. Maabara ilikuwa chumba kilichowahi kuwa stoo ya majembe, na mkuu wake alikuwa Mzee Shirima, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mkuu wa nafsi yake peke yake mpaka nilipofika akapata mtu wa kumtawala. Darubini ilikuwa ya kioo, ile unayoielekeza dirishani ikamate mwanga wa jua. Siku ya mawingu kazi ililala, na wagonjwa wa siku hizo walifundishwa subira bila malipo. Nilifika na koti jeupe nililolipiga pasi mara mbili, nikasimama mlangoni nikingoja kuonyeshwa mambo makubwa ya sayansi. Mzee Shirima akanipa kitambaa, akaniambia nioshe slaidi, vile vipande vya kioo vya kupakia damu.

Niliosha slaidi wiki mbili. Ndipo akaanza kunifundisha. Kidole kichomwe pembeni, siyo katikati, kwa sababu hapo katikati ndipo mtu atashikia panga kesho asubuhi. Tone la kwanza lifutwe. Tone nene ni la kuwatafuta wadudu, jembamba ni la kuwatambua. Rangi iachwe ikolee kwa muda wake, hata kama foleni imefika getini. Na kabla hujaandika kwamba hakuna wadudu, jicho lako liwe limepita viwanja mia moja, uwanja ukiwa ni kile kiduara unachokiona ukichungulia. Kwa kuwa anayechungulia hupoteza hesabu, Mzee Shirima alikuwa na kopo lenye maharage kumi. Kila viwanja kumi, harage moja linatoka. Likitoka la mwisho na hujaona kitu, unaandika "hakuna" na kufunga mjadala.

"Leokadia," aliniambia, "andika ulichokiona. Mtu akikuomba uandike kingine, mkaribishe achungulie mwenyewe."

Niliona ni maneno mepesi, nikashangaa mtu mzima kuyarudia kila wiki. Watu wa pale walikuwa wametoka mikoa ya mbali kuja kukata miwa, na mbu wa mifereji waliwapokea vizuri kuliko mwajiri. Malaria ilikuwapo kweli. Mgonjwa alitaka malaria, daktari alitaka malaria, nami nikichungulia niliiona malaria. Ni rahisi sana kuwa mkweli mahali ambapo ukweli wako ndio uliokuwa unangojwa.

Baada ya miaka kadhaa nikahamishiwa mlimani, kwenye zahanati hiyo hiyo mliyoniagia, juu ya Mkuu, huko Rombo. Mzee Shirima alinipa lile kopo na maharage yake kama zawadi ya kuniaga. Mimi nilipanda na chandarua changu, na jirani yangu wa kwanza alinisaidia kushusha mizigo, akakishika, akauliza kama nimekuja kuanika dagaa. Kule ukungu huondoka saa nne, ukiamua kuondoka. Migomba inadondosha maji asubuhi nzima hata kama mvua haijanyesha. Mbu wachache waliokuwapo nadhani walikuja kutembelea ndugu.

Lakini wagonjwa, Ruwa Mungu wangu! Walifika zahanati wamevaa sweta mbili na kofia ya sufu, wakaketi kwenye benchi, na kila mmoja alikuwa amekuja na malaria yake kutoka nyumbani. "Dokta, nina malaria." Hawakusema wanaumwa nini, walisema wanayo. Ukisikia joto kisha baridi, ukichoka, ukitoka jasho, hiyo ni malaria, na ukibisha wewe si mtaalamu. Mzee mmoja alikuwa akikohoa miezi minne, akakonda mpaka mkanda ukamzunguka mara mbili, malaria. Ilikuwa kifua kikuu. Binti wa shule damu ilikuwa imemwishia, akipanda kilima anapumzika mara tatu, malaria. Mama mmoja wa miaka hamsini alihisi moto ukimpanda kifuani mpaka usoni, dakika tano baadaye anatafuta khanga ya kujifunika. Alitibiwa malaria miaka mitatu, mpaka ukomo wa hedhi ulipomaliza safari yake wenyewe, na dawa ya malaria ikapewa sifa zote.

Nilichelewa kuelewa kwa nini. Malaria ni ugonjwa wa heshima. Haiulizi unakunywa nini, haimhusu mumeo, haisemi chochote juu ya umri wako. Unaweza kuitangaza mbele ya padre.

Mganga mfawidhi wetu alikuwa mtu mwema, nasema kweli, na foleni yake ilikuwa ndefu. Miezi ya mwanzo nilitoa maharage yangu kumi, nikaandika "hakuna," na fomu ikarudi na mgonjwa mwenyewe: "Dokta, daktari anasema uangalie vizuri." Naangalia vizuri. Hakuna. Fomu inarudi tena. Mimi naitwa dokta na yeye anaitwa daktari, na katikati yetu mtu mwenye homa anatembea kwenye korido.

Ndipo akaja Mama Deo. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mjane, mrefu, sauti ya chini. Marehemu mumewe alikuwa amemwachia watoto wawili, ng'ombe mmoja wa kufugwa bandani, na kihamba, yaani lile shamba la ukoo lenye nyumba, kahawa na migomba. Kwetu mjane hukaa kwenye kihamba kwa kukitunza. Akishindwa kukitunza, wanaukoo wenye huruma hujitokeza haraka kumpunguzia mzigo. Mwenye huruma wa pale alikuwa shemeji yake, Evaristi.

Mama Deo alinieleza nikiwa namfuta kidole. "Inakuja, dokta. Wiki mbili nachemka, natetemeka, nikilala shuka linalowa. Kisha inaondoka, nasema nimepona. Halafu inarudi. Kiuno kinaniuma, magoti yanauma. Na huu uchovu, jamani! Napalilia mistari miwili ya kahawa nalala chini ya mgomba. Evaristi amenikuta pale mara mbili. Anasema mimi ni mvivu, kaka yake alioa mtu wa kulala mchana."

Maharage kumi yalitoka. Niliandika "hakuna." Fomu ikarudi. Nikatazama tena, nikaandika "hakuna." Mara ya pili fomu ilirudi na mfawidhi mwenyewe.

"Mama Neema, huyu ana homa, anatetemeka, amechoka. Nikimwambia hana malaria, nimwambie ana nini?"

"Sijui, daktari."

"Aisee. Sasa 'sijui' dawa yake iko kabati gani?"

Nilipaswa kumkaribisha achungulie. Mwenye macho haambiwi tazama, na yeye macho alikuwa nayo. Lakini foleni ilikuwa imefika nje, Mama Deo alikuwa amesimama mlangoni ameshikilia fremu asianguke, nami nilikuwa nimechoka kuwa mkaidi pekee katika zahanati nzima. Nilichukua kalamu nikaandika: malaria moja, kiwango cha chini kabisa. Siyo mbili, siyo tatu. Nilitaka kudanganya kwa kiasi. Funika kombe mwanaharamu apite.

Mama Deo alipoisoma ile fomu alitabasamu. Aliniomba nimpe karatasi nyingine, nakala, aende nayo nyumbani.

"Ya nini, Mama Deo?"

"Nimwonyeshe Evaristi. Sasa nina karatasi."

Wiki ile homa ikamwachia, kama ilivyokuwa desturi yake kuachia. Jumatatu akaja na chupa ya maziwa iliyozibwa kwa gunzi, bado ina joto la ng'ombe. "Umeniponya, dokta." Kule mlimani maziwa ya shukrani huyachemshi mbele ya aliyeyaleta. Ni kama kumwambia banda lake ni chafu. Na watu husema ukiyachemsha nguvu yake inaondoka na mvuke. Niliyanywa palepale nimesimama, nikajifuta mdomo, nikamsifia ng'ombe.

Kuanzia siku ile, kopo la maharage lilipanda rafu ya juu. Sitawaambia niliandika "moja" ngapi. Nilikuwa nimegundua dawa ya foleni, na mfawidhi alianza kunisifu kwamba jicho langu limezoea hali ya hewa ya mlimani. Wagonjwa wengi walipona, kwa sababu mafua hupona yenyewe, na uchovu wa kuvuna kahawa hupona kahawa ikiisha. Waliopona walinishukuru. Wasiopona walirudi, nikawaandikia nyingine.

Mama Deo alirudi. Miaka sita alirudi, na kila mara aliondoka na "malaria moja" yake na nakala ya nyumbani, na homa ikipumzika alileta maziwa. Siku moja, mkono wake ukiwa mezani kwangu, aliniambia kwamba ng'ombe wake ametupa mimba, na ni mara ya pili. Alikuwa na majonzi, maana ndama angekuwa wa Deo. Alisema alimsaidia ng'ombe kwa mikono yake mwenyewe, akazika kile kitoto nyuma ya banda. Nilisema pole sana, Mama Deo. Kisha nikamchoma kidole.

Nimeirudia sentensi hiyo kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote. Mtu alikaa mbele yangu akanitajia ugonjwa wake, akaueleza vizuri kuliko kitabu changu cha chuo, nami nikasema pole.

Krismasi moja, watu walipopanda kutoka Dar na Arusha na magari yao, ukoo ulikaa kikao. Evaristi alisema kihamba cha marehemu kaka yake kimejaa magugu. Mama Deo akasimama na mfuko wa rambo wenye karatasi zote, akazitoa mezani: jamani, mimi naumwa, na hizi ni za serikali. Evaristi akazihesabu mbele ya watu. Zilikuwa kumi na moja. Akazisoma moja moja kwa sauti: malaria moja, malaria moja, malaria moja.

Mama Deo ndiye aliyenisimulia. "Akasema, 'Wazee wangu, mtoto wa darasa la pili anajua malaria inapona kwa siku tatu. Malaria gani hii ya miaka sita, na siku zote ni moja, haizai?' Watu wakacheka, dokta. Hata mama mkwe alicheka."

Wakampa Evaristi sehemu yote ya chini, kuanzia mfongo, ule mfereji wa wazee, mpaka barabarani. Ndiyo yenye kahawa nzuri. Mama Deo akabaki na nyumba, banda na migomba ya juu. Kama fomu zingesema "hakuna," angalau pangekuwa na swali: sasa mama huyu anaumwa nini? Mimi nililijibu swali hilo mara kumi na moja, na jibu langu likamfanya mwongo mbele ya ukoo wake. Siku aliponisimulia nilimwambia pole. Nilikuwa na pole nyingi sana siku zile, na zote hazikunigharimu kitu.

Baadaye kikaja kipimo cha haraka, kile kipande cha plastiki mlichokulia ninyi. Mstari mmoja huna, miwili unayo. Hakibembelezeki. Ghafla mlima mzima ukapona malaria, na wananchi wakakasirika kweli. Walisema kimeharibika. Walisema malaria ya Rombo imejificha kwenye mifupa, plastiki haifiki. Nilitarajia sasa tutajifunza kusema "hatujui," lakini wataalamu hatushindwi hivyo. Ikaja taifodi, kila mtu akawa nayo. Taifodi ilipochosha ikaja yutiai, ule ugonjwa wa njia ya mkojo. Mama Deo alipita kote huko: kutoka malaria hadi taifodi, kutoka taifodi hadi yutiai. Pale zahanati ndiye mtu pekee aliyepanda vyeo haraka kuliko mimi. Mgongo wake ulikuwa umeanza kupinda. Maziwa yaliendelea kuja.

Miaka michache kabla sijastaafu, zamu yangu ikafika. Ilianza na jasho. Kisha baridi ya kutoka ndani, ambayo blanketi halina habari nayo. Kisha joto, kisha siku kumi nzuri, kisha tena. Uchovu ulinikalia mpaka kuinua darubini kutoka kabatini ikawa kazi ya watu wawili. Na mimi, mtaalamu, nilifanya nini? Nilijipima malaria. Mstari mmoja. Nikalilaumu boksi la vipimo, nikafungua lingine. Mstari mmoja. Nikanywa dawa ya malaria hivyo hivyo. Kisha nikajitangazia taifodi. Wenzangu wakasema ni umri wa ukomo wa hedhi, nikakubali kwa furaha, ingawa umri huo nilikuwa nimeshaumaliza miaka mitano nyuma. Jirani akaniletea vidonge vikali alivyovitoa ng'ambo ya mpaka wa Holili, visivyo na jina, nikavimeza kwa imani. Neema binti yangu alipokuja likizo akanikuta nimekonda, akanipakia kwenye gari kama gunia la ndizi mpaka hospitali ya mjini, hakuniuliza.

Daktari alikuwa msichana mdogo, amevaa raba chini ya koti jeupe. "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba, na moyoni nikasema huyu naye ataniandikia yutiai. Badala ya kuandika akaweka kalamu chini. Akauliza homa inakuja vipi na inakaa siku ngapi. Nakohoa? Nimepungua kilo? Shingo yangu imewahi kuvimba? Nasafiri? Nafuga? Kisha akauliza:

"Mama, maziwa unakunywa?"

"Nakunywa."

"Yaliyochemshwa?"

Nilitazama raba zake. Mtoto yule akaningoja.

"Mama, umewahi kusikia bruselosi?"

Nilikuwa nimeisikia. Niliijibu kwenye mtihani chuoni, nikapata maksi zote: bakteria wa mifugo, ng'ombe hutupa mimba, binadamu huupata kwa maziwa mabichi au kwa kushika uchafu wa uzazi wa mnyama, homa inayopanda na kushuka, jasho, maumivu ya kiuno na viungo, uchovu, ukicheleweshwa unaingia kwenye mifupa ya mgongo. Niliyajua hayo yote, na miaka yote hiyo sikumwuliza mtu hata mmoja kama anachemsha maziwa. Kipimo kilirudi kuonyesha ninayo. Wakanipa vidonge vya wiki sita na sindano, nikaenda kukaa kwenye benchi la nje. Neema alidhani nalia kwa ajili ya sindano.

Nilipopata nguvu ya kupanda gari nilikwenda kwa Mama Deo. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda mlangoni, anamenya ndizi za mtori, kwa sababu kusimama kulikuwa kumeshamshinda. Mbele yetu migomba yake ilishuka mpaka kwenye mfongo ikakomea pale. Ng'ambo ya mfongo kahawa ya Evaristi ilikuwa imepaliliwa vizuri sana.

"Karibu dokta! Umekonda. Yesu na Maria, umekuwa kama mimi."

"Ni ugonjwa wako ninaoumwa, Mama Deo. Umo kwenye maziwa."

Nilimweleza polepole. Alisikiliza bila kuacha kumenya. Nilipofika kwa ng'ombe aliyetupa mimba, kisu kilisimama kidogo kikaendelea. Kisha nikabaki na lile nililoliendea.

"Zile karatasi zangu. Malaria moja. Sikuiona."

"Mara ngapi hukuiona?"

"Zote."

"Hata ile ya kwanza?"

"Hata ile ya kwanza."

Aliitumbukiza ndizi kwenye sufuria ya maji. "Na mimi nikakuletea maziwa."

"Ukaniletea."

"Ukayanywa?"

"Yote."

Alicheka, cheko fupi lisilo na furaha. "Basi ng'ombe wangu ni daktari kuliko ninyi wote. Yeye ndiye aliyekufikisha hospitali."

Safari hii sikusema pole.

Nilimpeleka mjini mwenyewe, kwa yule msichana wa raba. Dawa alikunywa hadi kidonge cha mwisho. Homa iliondoka na haikurudi, na uchovu ukamtoka polepole, lakini mgongo haukunyooka. Bwana mifugo alikuja, ng'ombe akaondolewa, na Deo, ambaye siku hizi ni dereva wa malori pale Holili, akamnunulia mama yake mwingine aliyepimwa.

Krismasi iliyofuata niliomba nafasi kwenye kikao cha ukoo usio wangu. Nilivaa koti langu jeupe, nikadhani litasaidia. Nilisimama mbele ya wale wazee na cheti cha hospitali mkononi nikasema: Mama Deo hakuwa mvivu. Aliumwa ugonjwa wa kweli wenye jina, na cheti hiki hapa. Mvivu nilikuwa mimi. Nilikuwa naandika nisichokiona.

Evaristi alisimama kwa adabu zote. Amezeeka vizuri. "Dokta, tunakushukuru kwa kupanda na hili baridi. Ila tusaidie sisi tusiosoma. Karatasi kumi na moja ulizoandika wewe zilikuwa uongo. Hii ya kumi na mbili unayotuletea wewe, tuiamini kwa sababu gani?"

Wazee wakatazama chini. Mmoja akakohoa. Nilikikunja cheti nikakirudisha mfukoni. Ardhi ilibaki ilipo.

Ndiyo maana miaka yangu ya mwisho mliniona na lile kopo la maharage mezani, mkadhani mama anazeeka. Mfawidhi mpya alipouliza mgonjwa ana nini nikamwambia sijui, tuulize maswali, alinitazama kama niliyetukana. Kopo nimeliacha kwenye droo ya kushoto. Maharage ni tisa. Moja lilitoboka na wadudu, nimeona niwaambie kabla hamjahesabu wenyewe.

Siku ile ya kikao nilishuka na Mama Deo mpaka kwake. Jikoni aliwasha kuni, akateleka sufuria ya maziwa ya ng'ombe mpya. Nikakaa kwenye kigoda. Alisimama juu ya moto na mgongo wake uliopinda, muda mrefu kuliko anavyoweza, hataki nimsaidie. Povu lilipoanza kupanda alisogea pembeni akaniita, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane hakuniita dokta.

"Leokadia, yamechemka. Inuka uje uone kwa macho yako, usije ukaandika tu."

Niliinuka, nikaenda kuona.